Mafia Wakati wa Tangambili: Mwongozo wa Kupanga Siku Sita kwa Bamvua na Maji Mafu

Wengi wakipanga kwenda kisiwani huanza na bei ya chumba, halafu likizo ya kazini, mwisho ndiyo wanauliza mvua. Kwa Mafia mpangilio huo unagharimu. Ukiangukia siku zisizofaa, mashua itakwama kwenye tope mbali na ufuo, fungu la mchanga ulilolifuata halitatoka majini, na pweza utakayeletewa mezani atakuwa wa kwenye friji. Kinachoongoza ratiba ya Mafia ni maji, na maji yanafuata mwezi. Ukishajua hilo, tarehe za safari zinajichagua zenyewe.

Kuhusu msimu hakuna ubishi mkubwa. Kuanzia Oktoba upepo wa kusi unapungua nguvu na ule wa kaskazi bado haujashika. Hicho ndicho kipindi cha tangambili, bahari inapotulia kuliko miezi mingine mingi ya mwaka. Juni hadi Agosti Ghuba ya Chole, iliyo mashariki mwa kisiwa, huchafuka kwa upepo, na kutoka nje ya miamba ni kujitafutia taabu. Machi hadi Mei ni masika, na hoteli kadhaa hufunga. Oktoba na Novemba ndipo papa potwe wanapoanza kuonekana Kilindoni, mikorosho inazaa, maembe yanaanza kuiva, na ndege vitwitwi waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia wanajaa kwenye fukwe za tope. Vuli hunyesha, lakini huja kwa vipande: saa moja ya mvua kubwa, kisha jua. Koti jepesi linatosha.

Kuchagua tarehe

Chukua kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe hizo zinahesabu umri wa mwezi, na wavuvi wanazitumia kwa sababu hiyohiyo.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Huanza kukolea kama tarehe 14 na tena tarehe 29, na kilele chake huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Katika nusu mwezi, kama tarehe 8 hadi 10 na tena 22 hadi 25, maji ni mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu huenda isizidi mita moja na kidogo.

Saa za maji pia unaweza kuzikadiria bila intaneti. Katika ukanda huu wa Unguja na Mafia, siku ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50, na kila siku ya nyuma punguza dakika 50. Mfano: tarehe 11 ya mwezi ni siku nne kabla ya tarehe 15. Dakika 50 mara nne ni saa tatu na dakika 20, kwa hiyo maji yatajaa kama saa 7 kasorobo mchana. Karibu na maji mafu mwendo huu hurefuka na makadirio yanaweza kupotea kwa saa nzima. Tumia hesabu hii kuchagua tarehe, halafu saa kamili muulize nahodha au tazama jedwali la maji la Dar es Salaam au Zanzibar. Kalenda ya ukutani nayo inaweza kupishana na mwezi wa angani kwa siku moja, na hilo si la kukupa wasiwasi.

Pendekezo letu ni hili: fika tarehe 11 ya mwezi, ondoka tarehe 16 au 17. Siku za mwanzo utapata maji yaliyojaa mchana, yanayofaa kuogelea, kuzamia na kupita mikokoni. Siku za mwisho utapata bamvua inayopwa asubuhi, nayo inafaa kutembea mwambani, kwenda funguni na kula pweza wa siku hiyo. Anayetaka kuzamia tu, aje tarehe 7 hadi 12. Bamvua inapopwa, maji ya Ghuba ya Chole hutoka kwa kasi kwenye mlango wa Kinasi na humvuta mzamiaji kuelekea bahari kuu. Wazamiaji wa huko hushuka mlangoni wakati maji yanaingia. Nahodha atakayekubali kukushusha wakati yanatoka, mwache.

Kufika

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa hadi Kilindoni. Mzigo hupimwa na kilo 15 ndiyo kawaida, kwa hiyo uliza kabla ya kubeba mapezi yako ya kuogelea.

Kwa bahari unapitia Nyamisati, upande wa Kibiti. Mabasi ya Nyamisati huondokea Mbagala Rangi Tatu, hupita Barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha hukata kushoto kuelekea pwani. Kutoka Nyamisati kivuko huchukua saa kadhaa hadi Kilindoni, na saa ya kuondoka hubadilika. Piga simu siku moja kabla na usitegemee ratiba ya mwezi uliopita. Ukipanda boti ya watu binafsi, yatazame mambo mawili kabla hujalipa: kama kila abiria ana jaketi la kuokolea mkononi, si lililofungwa kwenye furushi chini ya mizigo, na kama ukingo wa boti uko juu ya maji vya kutosha baada ya watu wote kupanda. Safari ya asubuhi ni bora, kwa sababu upepo hupanda kuanzia adhuhuri.

Kilindoni ndiyo mji, kuna soko, benki na hospitali. Utende, kilomita 15 hivi kwa barabara ya lami, ndiko zilipo hoteli nyingi za ufukweni na ndiko mashua za kwenda visiwa vya Chole na Juani zinakoondokea. Kabla ya kufika Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na iliyokuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ada hulipwa kwa siku. Mtanzania hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, lakini sharti aonyeshe kitambulisho, kwa hiyo beba cha NIDA. Stakabadhi itunze, maana huulizwa tena baharini. Pesa taslimu za siku zote sita zitoe Dar. Usiweke matumaini yote kwenye mashine ya kutolea pesa ya Kilindoni mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza na ya pili: maji ya mchana

Maji yakijaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana, nenda Juani ukaone magofu ya Kua. Mji huo wa mawe uliishi hadi karne ya 19, ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Kuta za misikiti na nyumba kubwa bado zimesimama ndani ya vichaka, mibuyu imeota katikati yake. Mkondo unaoingia upande huo umezungukwa na mikoko na unapitika maji yakiwa juu tu. Ondoka Utende saa mbili kabla ya maji kujaa, tembea Kua kwa saa moja na nusu, kisha rudi na maji yanayoanza kutoka. Ukichelewa saa moja tu, nahodha atashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na nyinyi mtashuka kusukuma. Vaa suruali ndefu, magofuni kuna upupu.

Chole iache mpaka alasiri ya siku ya pili. Kutoka Utende ni robo saa kwa mashua. Kisiwa ni kidogo, unakizunguka kwa miguu. Hapo ndipo Wajerumani walipoweka makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni, na boma lao limemezwa na mizizi ya miti ya jamii ya mikuyu. Lakini usiyahangaikie mawe sana: tazama juu ya miembe. Popo wakubwa wa matunda, ambao jamaa zao wa karibu wako Komoro, hulala wakining'inia mchana kutwa, na machweo huondoka kundi zima kwenda kula. Novemba, maembe yakianza, huwa hawaendi mbali. Kaa kimya mita 20 hivi kutoka kwenye mti. Kuna waongozaji hupiga makofi ili popo waruke upate picha. Mwambie mapema kwamba huhitaji. Popo anayeruka juani hupoteza nguvu na maji, na mwenye mtoto kifuani anaweza kumwangusha. Panga na nahodha akurudishe usiku mapema, na hakikisha ana taa.

Papa potwe

Hii ni shughuli ya Kilindoni, upande wa magharibi, si ya Ghuba ya Chole. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wengi wa Mafia ni madume ambayo hayajakomaa. Huchuja vijidudu vya majini na dagaa kwa kufungua mdomo na hawana haja na mtu. Zamani ilidhaniwa wanahama msimu ukiisha. Vifaa vya sauti walivyofungwa vimeonyesha kuwa wengi hubaki karibu na kisiwa na huzama tu mahali pasipoonekana. Oktoba ni mwanzo: unaweza kukosa siku moja ukapata ya pili, kwa hiyo tenga asubuhi mbili. Kuanzia katikati ya Novemba bahati huongezeka.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Jaribu miwani ya kuzamia ufukweni. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila mkono, inakufaa. Ikianguka, badilisha, hata ukikaza mkanda itavuja. Temea mate kioo ndani, sugua, suuza kidogo, haitaingia ukungu.
2. Ondokeni asubuhi kabla ya upepo. Nahodha hutafuta membe wanaopiga mbizi pamoja na maji yanayochemka kwa dagaa. Palipo na vyote viwili, mara nyingi potwe yuko chini yake.
3. Boti isimame mbali, pembeni ya njia yake, si mbele yake. Injini iwe imezimwa au haivuti.
4. Telezeni majini mmoja mmoja kwa kukaa ukingoni. Mtu akiruka kwa kishindo, potwe huzama, na huo ndio mwisho wa zamu yenu.
5. Ogelea ubavuni, mita 3 au zaidi kutoka mwilini, na mkia uukwepe zaidi. Mkia hupiga kulia na kushoto, na pigo la kiumbe wa mita 6 au 7 si la mzaha.
6. Usimguse, usimpige picha kwa mwanga, usimzibie njia. Akigeuka kukuelekea, tulia na umpishe.

Maji yatakuwa na ukungu, wakati mwingine unaona mita 5 tu. Watu hulalamika kwa hilo, lakini ukungu huohuo ndio chakula kilichomleta. Asiyejua kuogelea avae jaketi na ashuke na mwongozaji mmoja wa kwake. Bei ulizeni ya boti nzima pamoja na mafuta, mgawane wenyewe. Boti yenye waogeleaji zaidi ya kumi kwa potwe mmoja msiipande.

Siku za bamvua: fungu na mwamba

Sasa maji yanapwa saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Mafungu ya mchanga kama Marimbani na Mange yanatoka, meupe, bila kivuli hata kidogo. Beba maji lita 3 kwa mtu, kanga au shuka ya kutengenezea kivuli, na shati la mikono mirefu. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ondoka saa moja na nusu baada yake.

Hili la kuondoka tulieleze, maana ndilo linalowaponza watu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sentimita 30 tu, na kila mtu anaona bado kuna wakati. Saa ya pili ni sentimita 60. Saa ya tatu 90, na ya nne 90 nyingine. Kwa hiyo baada ya saa tatu umezungukwa na mita 1.8 za maji mapya mahali ulipokuwa umetandika mkeka. Nahodha asiondoke na mashua "kwenda kuvua kidogo" hata akikuahidi kurudi.

Kutembea kwenye mwamba nako kuna adabu yake. Vaa viatu vyenye soli ngumu vilivyofungwa. Ndala hazifai. Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe, na buruza mguu badala ya kuunyanyua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie na aondoke kabla hujamkanyaga. Usitie mkono kwenye tundu usiloliona ndani. Akikuchoma taa au samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, wakati mnatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Joto hupunguza ukali wa sumu hiyo. Barafu haisaidii.

Asubuhi hizohizo utawaona akina mama na vijana na vijiti vyao, wanachokoa matundu ya pweza. Ukitaka kununua, nunua hapohapo wanaporudi, na chagua mwenye rangi inayobadilika bado ukimgusa. Mweupe aliyelegea amekaa. Usinunue wa chini ya nusu kilo, hajakomaa. Kuna vijiji hufunga baadhi ya miamba kwa miezi ili pweza wakue, na ukiambiwa sehemu fulani imefungwa, usibembeleze.

Pweza wa nazi, kwa watu wanne

Hoteli nyingi zitakupikia ulichonunua kwa malipo kidogo. Ukipanga nyumba, pika mwenyewe.

Vitu: pweza kilo moja na nusu (akiiva atabaki karibu nusu ya uzito huo, usishangae), nazi 2 kubwa, vitunguu maji 2, nyanya 3, vitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande cha kidole, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi 1, ndimu 1, mafuta ya nazi vijiko 2.

Geuza kichwa nje ndani, toa matumbo na kifuko cha wino, kata macho na mdomo. Mpige kwenye jiwe mara 40 au 50 hadi mikono yake ilegee, kisha msugue na chumvi kiganja kimoja na umsuuze mpaka utelezi uishe. Mweke kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na hayo yanatosha kumpikia. Baada ya dakika 50 choma kwa kisu pale mkono wake unapoanzia. Kisu kikiingia bila kusukumwa, ameiva. Bado? Ongeza nusu kikombe cha maji ya moto na dakika 15. Mwache apoe ndani ya supu yake, ukimtoa akiwa wa moto ngozi hubanduka. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba.

Zikune nazi kwa mbuzi. Kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu upate kasimile, weka kando, kisha kamua tena kwa vikombe viwili upate tui la pili. Kaanga kitunguu hadi kiwe laini bila kuungua, tia saumu, tangawizi na bizari, halafu nyanya mpaka mafuta yajitenge. Mimina tui la pili na kikombe kimoja cha supu ya pweza, chemsha dakika 10. Tia pweza na pilipili, dakika 10 nyingine. Mwisho mimina kasimile, koroga mfululizo bila kufunika, moto mdogo, na epua mara mapovu yanapoanza pembeni.

Yanayoharibika hapa ni mawili. Tui hukatika, yaani mafuta na maji hutengana: ni kwa sababu moto ulikuwa mkali, au uliacha kukoroga, au ulitia ndimu sufuria ikiwa jikoni. Ndimu ikamuliwe sahanini. La pili ni chumvi. Pweza ana chumvi ya bahari na supu yake imeikusanya, kwa hiyo onja mwisho kabisa. Mara nyingi haihitajiki hata chembe. Kuleni na wali mweupe au mkate wa kumimina. Matunda ya baadaye ni mabibo, ambayo Novemba yako kila mahali, lakini uyale yakiwa yamechumwa siku hiyo, na kaa mbali na nguo nyeupe: doa lake halitoki.

Ufukweni na kijijini

Mafia ni kisiwa cha Waislamu, na nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa suruali, toa salamu kwanza ndipo uulize njia, na mzee mpe shikamoo yake. Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana hakuna nahodha atakayeng'oa nanga, kwa hiyo siku hiyo panga mapumziko au tembea mwambani asubuhi. Usiku, ukisikia kilio kama cha mtoto mchanga mitini, ni komba. Usimwekee ndizi dirishani, ataingia ndani kesho yake.

Siku ya kuondoka kwa bahari, ulizia kivuko jana yake jioni, kisha lala Kilindoni badala ya Utende. Vyombo huweza kuondoka alfajiri, na bajaji ya saa 9 usiku ni ngumu kupatikana na ghali ikipatikana.